Ukuta wa Tumbo na Ugonjwa wa Ngiri

Natumaini walimu wenu wamekwisha kugawa karatasi za somo, na ambaye hakupata atazame pamoja na jirani yake. Somo la leo linahusu jambo ambalo watu wengi huona haya kulitaja, hasa wanaume, nalo ni ngiri. Nawaomba kina mama wasiondoke. Wao pia hupatwa na ngiri, na baadaye nitaeleza kwa nini ngiri yao wakati mwingine ni ya hatari kuliko ya wanaume.

Mimi si daktari. Mimi ni mtu wa elimu, na kazi yangu ni maneno, kwa hiyo nitaanza na neno lenyewe. Andikeni katika madaftari yenu: NGIRI. Yuko ngiri wa porini, yule mnyama mwenye meno yaliyopinda na mkia unaosimama akikimbia. Huyo husemwa "ngiri huyu amekimbia". Na iko ngiri ya ugonjwa, ambayo husemwa "ngiri hii imetokeza". Herufi ni zile zile, lakini mambo mawili hayo hayana udugu wowote.

Shida kubwa ni neno jingine. Sehemu nyingi watu hawasemi ngiri, husema fulani "ana mshipa". Sasa fikirini neno hili mshipa limebebeshwa mizigo mingapi. Mshipa wa damu ni mshipa. Mshipa wa fahamu ni mshipa. Tena uvimbe wa kinena nao ni mshipa, na busha pia ni mshipa. Basi mtu akiambiwa ana mshipa hudhani damu yake imeharibika, naye huanza kutafuta dawa ya kunywa ya kusafisha mishipa. Na huko sokoni mambo yamezidi kuchanganyika, maana wauzaji wengine huita ngiri kila kitu: kiuno kikiuma ni ngiri, tumbo likinguruma ni ngiri, mume akipungukiwa na nguvu ni ngiri. Chupa moja hutibu yote. Mimi sina ugomvi na miti shamba, hata nyumbani kwetu tunaitumia, lakini ngiri tunayoisema leo ni tundu. Ni mahali palipolegea au palipotoboka katika ukuta wa tumbo, na kitu cha ndani kikapenya pale na kutokeza chini ya ngozi. Hapana dawa ya kunywa inayoziba tundu la ukuta.

Ili tuelewe tundu, lazima kwanza tuujue ukuta. Simameni wote, na mwalimu pia.

Tieni mikono mifukoni. Asiye na mifuko afanye kana kwamba anayo. Tazameni vidole vyenu vinaelekea wapi: vinashuka chini na kuelekea katikati ya mwili. Hivyo ndivyo nyuzi za msuli wa kwanza wa ubavuni zinavyokwenda. Huu ndio msuli wa mshazari wa nje. Sasa toeni mikono, wekeni viganja juu ya mifupa ya nyonga, vidole vielekee juu, kwenye kidari. Hivyo ndivyo nyuzi za msuli wa pili, wa mshazari wa ndani, unaolala chini ya ule wa kwanza. Zinakata nyuzi za kwanza kama herufi X. Mwisho, pitisheni mikono kiunoni kama mtu anayefunga mkanda. Hivyo ndivyo msuli wa tatu, ulio ndani kabisa, unaolala kukingama. Kaeni.

Kwa nini misuli mitatu, tena kila mmoja na njia yake? Waulizeni wasusi wa mikeka. Mwaa mmoja wa mkindu huchanika kwa urahisi kufuata urefu wake. Lakini miyaa ikisukwa kwa kupishana, unaweza kukalia mkeka miaka mingi. Ukuta wa ubavuni umesukwa namna hiyo.

Mbele kabisa, kulia na kushoto kwa kitovu, kuna misuli miwili mirefu iliyonyooka, inayoanzia kifuani na kushuka hadi mfupa wa kinena. Kati ya misuli hiyo hakuna nyama. Kuna mstari wa kano tupu, ambao madaktari huuita mstari mweupe, kwa sababu kweli ni mweupe ukiuona. Hapo ndipo nguo zote za kano zinazotoka ubavuni hukutana na kushikana, za kulia na za kushoto. Na katikati ya mstari huo kuna kitovu, yaani kovu la tundu lililopitisha kiungamwana tulipokuwa tumboni mwa mama.

Aliyepata kumchuna mbuzi anajua sehemu iliyobaki. Ukiondoa ngozi, unaona mafuta. Ukikata nyama, unaona tabaka za nyama zinazotengana. Na kabla matumbo hayajamwagika, kuna utando laini unaong'aa, mwembamba kama karatasi ya nailoni. Binadamu naye ni hivyo hivyo. Nyuma ya ule msuli wa tatu upo utando mgumu kidogo, kisha mafuta machache, kisha huo utando unaong'aa, ambao madaktari huuita peritoniamu. Wekeni alama kwenye huo utando mgumu ulio nyuma ya misuli, maana ndio utakaokuwa na kesi.

Ukuta huu hauna mifupa mbele yake, na kazi yake ni kubwa. Kila unapokohoa, unapocheka sana, unapojikaza chooni, unaponyanyua ndoo ya maji, kiwambo kilicho chini ya mapafu husukuma kutoka juu, na matumbo hutafuta njia ya kutokea. Ukuta hukaza na kuyazuia. Siku ambayo mahali pamoja pameshindwa kukaza ndipo ngiri huzaliwa.

Mahali penyewe mara nyingi ni kinena, na iko sababu. Pitisheni kidole kwenye ule mkunjo unaotenga tumbo na paja. Ndani yake imelala kano imara, kutoka ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga hadi mfupa wa kinena. Hii ni kano ya kinena. Kwa kweli si kitu cha peke yake. Ni pindo la chini la msuli wa mshazari wa nje, lililokunjwa kuelekea ndani kama fundi cherehani anavyokunja pindo la nguo. Sasa, ile misuli mingine miwili ya ndani haishuki hadi kwenye pindo hili upande wa katikati. Hupinda kama tao na kupita juu yake. Kati ya tao na pindo kunabaki pengo, na linalofunika pengo hilo upande wa nyuma ni ule utando mgumu peke yake. Mkeka wa tabaka tatu, hapo umebaki na tabaka moja.

Tena pengo hilo limepitiwa na njia. Mtoto wa kiume akiwa bado tumboni mwa mama yake, korodani zake huanzia juu, ndani ya tumbo, karibu na mafigo. Kisha hushuka, na katika miezi ya mwisho ya mimba hupita ukutani pale kinena hadi kwenye mfuko wake. Zinaposhuka huwa zimetanguliwa na kijaluba cha ule utando unaong'aa, kama kidole cha glavu. Baadaye kijaluba hicho hutakiwa kijifunge. Njia iliyobaki ni mfereji wa kinena, ambao kwa mtu mzima ni wa sentimita 4 hivi. Ndani yake hupita kamba ya korodani, yaani mishipa ya damu ya korodani pamoja na mrija wa mbegu. Kwa wanawake mfereji ni mwembamba zaidi, nao hupitisha kano ndogo ya kizazi.

Muumba hakuacha mfereji huo wazi ovyo. Mlango wake wa ndani na mlango wake wa nje havikabiliani. Umejengwa kama nyumba za zamani za mawe huko pwani, ambazo ukisimama mlangoni huoni ndani, kwa sababu mlango wa pili uko pembeni. Mtu akikohoa, kuta za mfereji hubanana na njia hufungwa. Lakini kijaluba kile kisipojifunga, matumbo hukuta barabara imekwisha kupasuliwa. Hiyo ndiyo ngiri ya watoto wachanga, hasa waliozaliwa kabla ya siku zao, na ndiyo ngiri ya vijana wengi. Wanaume wa makamo na wazee hupata ya namna nyingine: ule utando mgumu wa nyuma huchakaa na kulegea, na tumbo husukuma moja kwa moja mbele bila kufuata mfereji. Daktari akipasua huzitambua kwa mishipa ya damu ipandayo karibu na mlango wa ndani. Ngiri iliyopita upande wa nje wa mishipa hiyo ni ya mfereji, iliyopita upande wa katikati ni ya uchakavu.

Ugonjwa huu si wa watu wachache. Hesabu iliyofanywa Uingereza na kutangazwa mwaka 1996 ilionyesha kwamba mwanamume 27 katika kila 100 hupata ngiri ya kinena katika maisha yake, na mwanamke 3 katika kila 100. Kama darasa lenu lina wanaume kumi na wawili, mimi nadhani wawili au watatu kati yao wanajua ninachosema bila kuambiwa.

Hapa nitawasimulia habari ya mjomba wangu, ambaye amenipa ruhusa kwa sharti nisitaje jina lake. Alikuwa mpasua mbao, wale wa msumeno wa watu wawili. Uvimbe ulimtoka kinena cha kulia akiwa kijana. Mwanzoni ulikuwa kama yai la kuku, ukitokeza jioni na kurudi ndani akilala. Hakumwambia mtu, hata mkewe alijua baadaye. Alikata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, akajifunga chini ya suruali, akaendelea na kazi kwa miaka tisa. Mkanda wa namna hiyo husukuma tumbo ndani lakini hauzibi kitu, na tundu huendelea kupanuka chini yake. Nilipomwuliza kwa nini hakwenda hospitali, alinyamaza kwanza. Kisha akasema: "Bwana we, nilisikia ukipasuliwa pale wanakuhasi kama ng'ombe."

Wanaume wangapi wanabaki nyumbani kwa sababu ya sentensi hiyo moja! Wala sitamcheka, kwa sababu karne nyingi zilizopita huko Ulaya wako waliotibu ngiri kwa kuondoa na korodani yake. Hawakujua kuutenga mfuko wa ngiri na kamba ya korodani, navyo hupita mfereji mmoja. Leo kazi ya kwanza ya mpasuaji akifungua mfereji ni kuitafuta kamba hiyo, kuinyanyua taratibu na kuiweka kando salama, kabla hajaigusa ngiri yenyewe. Hiyo ndiyo faida ya kujua ukuta ulivyojengwa.

Mwaka 2011 mjomba alinyanyua gogo, uvimbe ukatokeza, na safari hii haukurudi. Usiku kucha alijikunja kitandani. Uvimbe ulikuwa mgumu na unauma hata shuka likiugusa. Alfajiri akaanza kutapika maji ya kijani. Alikuwa hapati choo wala kutoa upepo. Ndugu wasikilizaji, hayo niliyoyataja ndiyo dalili za ngiri iliyonyongwa. Utumbo umeingia tunduni, kingo za tundu zimeubana, damu haifiki, na utumbo usiopata damu huoza kwa muda wa saa chache tu. Hapo hapana kungoja kupambazuke, hapana kukanda kwa maji ya moto, wala kusukuma kwa nguvu uingie. Ni kutafuta chombo chochote kiendacho hospitali. Mjomba alipelekwa kwa pikipiki, katikati ya vijana wawili waliomshika. Walimkata utumbo kiasi cha shibiri moja, wakaunganisha, wakashona ukuta. Alipona. Katika kijiji chetu yuko mwingine ambaye hakupona, naye pia alikuwa ameficha.

Sasa tuseme juu ya kushona, kwa maana watu hudhani kushona ngiri ni kama kushona mdomo wa gunia. Zamani madaktari waliufunga ule mfuko wa utando, wakaukata, wakaziba ngozi, na ngiri nyingi zilirudi. Walikuwa wameondoa kilichopita tunduni na kuliacha tundu. Mtu aliyebadili mambo alikuwa Mwitalia, Edoardo Bassini, wa mji wa Padova. Mwaka 1867, akiwa askari kijana katika vita vya kuiunganisha Italia, alichomwa singe kinenani, akawa mgonjwa kwa miezi. Kama jeraha lile ndilo lililomfanya apende kuchunguza mahali pale hasa, sitasema, lakini ni ajabu. Kuanzia mwaka 1884 alipasua ngiri kwa namna mpya, na mwaka 1887 akawaeleza madaktari wenzake. Alifungua mfereji wote, akaiweka kamba ya korodani kando, akaifunga ngiri, kisha akaujenga upya ukuta wa nyuma: alilichukua lile tao la misuli miwili pamoja na ule utando mgumu, akavishona vitatu kwa pamoja kwenye pindo, yaani kano ya kinena. Pengo likazibwa. Kamba ikarudishwa juu ya ukuta mpya, na msuli wa nje ukafungwa juu yake.

Namna hiyo, na nyingine zilizotokana nayo, ziliokoa watu wengi mno. Ndiyo aliyofanyiwa mjomba upande wa kulia, kwa sababu mahali palipooza utumbo madaktari huogopa kuweka kitu kigeni. Lakini ina udhaifu mmoja ambao kila fundi nguo anaujua. Ukivuta kingo mbili za shati lililochanika na kuzishona pamoja, shati hukaza, na siku moja uzi hukata kitambaa pembeni mwa mshono. Tao la misuli likivutwa hadi kwenye kano nalo hukaza. Maumivu huwa mengi, na kwa baadhi ya watu mshono huachia. Fundi mwenye akili havuti kingo. Hutia kiraka.

Kiraka cha tumbo ni wavu wa plastiki. Daktari mmoja wa Houston huko Marekani, Francis Usher, alianza kutumia nyavu za plastiki mwaka 1958. Baadaye Irving Lichtenstein wa Los Angeles aliufanya wavu kuwa njia ya kawaida, na mwaka 1989 akatoa habari ya wagonjwa 1,000 wa kwanza. Wavu hulazwa juu ya ule utando wa nyuma uliochakaa, chini ya msuli wa nje, nao hukatwa mkato mdogo wa kupitishia kamba ya korodani. Hauvuti chochote. Mimi nilidhani wavu ndio unaozuia tumbo siku zote, kumbe sivyo hasa. Ni kama nyumba zetu za udongo: fito peke yake hazizuii upepo, lakini bila fito udongo haushiki. Mwili hupenyeza nyama ngumu ya kovu katika matundu ya wavu, na baada ya miezi fito na udongo huwa ukuta mmoja.

Wavu wa kiwandani ni ghali. Unaweza kufika zaidi ya dola 100 za Marekani, na mkulima hana. Basi madaktari wa India walianza kutumia kitambaa cha chandarua, na jirani zetu wa Uganda wakashiriki kulipima jambo hilo kwa makini. Huko Kamuli, mashariki ya Uganda, wanaume 302 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakawekewa wavu wa kiwandani, wengine wavu wa chandarua wenye bei ya dola moja hivi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016. Baada ya mwaka mmoja ngiri ilikuwa imemrudia mtu mmoja tu katika kundi la chandarua, na hakuna katika kundi jingine. Tofauti hiyo si kitu. Lakini nawasihi, asitokee mtu akapeleka chandarua chake cha kitandani hospitali! Kile kina dawa ya mbu. Kilichotumika Kamuli hakikutiwa dawa yoyote, na kilichemshwa kwa mvuke hadi kikawa safi kabisa.

Upo ujuzi mwingine unaotakiwa pale ndani, nao ni wa mishipa ya fahamu. Mitatu hupita kati ya tabaka hizo au pamoja na kamba ya korodani, myembamba kama uzi. Ukiukata mmoja, ngozi ya paja hufa ganzi. Ukiushona ndani ya mshono kwa bahati mbaya, mtu huweza kubaki na maumivu kwa miaka. Ndiyo sababu daktari mzuri huitafuta kwanza. Na kwa kuwa njia ya mishipa hiyo inajulikana, anaweza kuipiga sindano ya ganzi na kupasua mgonjwa akiwa macho, akiongea. Halafu humwambia, "Kohoa, mzee," aone kama ukuta unashika.

Kwa watoto mambo ni rahisi zaidi. Ukuta wa mtoto haujachakaa, ni kijaluba tu kilichosahau kufunga. Kwa hiyo daktari hukifunga na basi, bila wavu. Lakini ngiri ya kinena ya mtoto mchanga haijifungi yenyewe, na hubanwa upesi, kwa hiyo apelekwe mapema. Ya kitovu ni tofauti. Watoto wetu wengi wana vitovu vilivyotokeza, na vingi hurudi vyenyewe kabla ya miaka minne au mitano. Kuwafunga sarafu kitovuni hakusaidii, na huwachubua ngozi.

Kina mama, niliwaahidi. Chini ya ile kano ya kinena, juu kabisa ya paja, kuna tundu jingine dogo kando ya mshipa mkubwa wa damu wa mguu. Kwa wanawake, ambao nyonga zao ni pana, tundu hili ni hatari. Kingo zake ni ngumu kama pete, na utumbo ukiingia hunyongwa kwa urahisi kuliko katika ngiri ya kawaida. Uvimbe wenyewe huwa mdogo, kama karanga au limau changa, nao hudhaniwa kuwa mtoki. Bibi mwenye mtoki usiopungua, na hana kidonda mguuni wala ugonjwa mwingine wa kuuleta, amwonyeshe daktari. Akianza na kutapika, aende siku hiyo hiyo.

Kabla sijamaliza, darasa moja limeuliza kama ngiri na busha ni kitu kimoja. La, ila ni watoto wa nyumba moja. Sehemu ya chini ya kile kijaluba cha utando hubaki imeizunguka korodani maisha yote. Ikijaa maji, hilo ni busha, na huku pwani mara nyingi huletwa na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Busha halirudi tumboni ukilala, na ukimulika tochi gizani maji yake huonyesha mwanga. Ngiri kubwa nayo huweza kushuka hadi mfuko wa korodani, lakini ina shina linalopanda kinenani, nayo hujaa ukikohoa. Yote mawili hutibiwa kwa kupasuliwa, lakini si kwa mkono ule ule. Kwa hiyo asiyejua ana lipi asijichomechome.

Mjomba wangu alitokwa na ngiri ya pili, upande wa kushoto, mwaka 2019. Safari hii hakutafuta mpira wa baiskeli. Alikwenda hospitali uvimbe ukiwa bado kama embe dodo changa, akapigwa ganzi, akawekewa wavu, akalala nyumbani kwake usiku ule ule. Kabla ya kumpasua, daktari alimwonyesha kipande cha wavu, akakishika na kukivuta huku na huku. Msumeno ameuacha, sasa anauza mbao badala ya kuzipasua. Na watoto wake wawili wa mwisho, wanaosoma darasa la tatu na la sita, walizaliwa baada ya upasuaji ule wa kwanza.

Maneno ya kunakili kutoka ubaoni ni haya: ngiri, kinena, kano, utando, mshazari, pindo, wavu. Mwalimu atawaomba kila mmoja atunge sentensi moja kwa kila neno. Wiki ijayo, saa kama hii, tutazungumza juu ya maji ya kunywa.